Tela la viazi la Isyonje: shajara ya kazi, Uyole

Jumatatu

Kazi mpya: tela la pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, kitanda cha sentimita 200 kwa 120, la kushusha viazi kutoka shambani hadi barabara ya lami. Mteja ni mzee wa Isyonje, kule njia panda ya kwenda Kitulo. Kaja na ekseli ya pikapu iliyochakaa, springi mbili, na rimu zenye tairi ambazo bado zina meno. Chuma kingine tutanunua Mwanjelwa, sokoni Mbeya.

Tumesalimiana, "Mugonile," tukakaa, akatoa agizo moja tu: "Fundi, wewe jaza rodi. La jirani yangu lilikatika shingoni na magunia juu." Vijana wangu wawili, mmoja wa hapa mtaani tunayemwita dogo, na binti aliyekuja fildi kutoka VETA, wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo nilipoamua kuiandika kazi hii hatua kwa hatua. Hilo la kujaza rodi, yaani kurundika chuma cha kuchomelea kwenye mshono, nalisikia kila mara, kwa wateja na hata kwa mafundi, na mara nyingi ndilo linalovunja matela.

Swali langu la kwanza kwake halikuhusu chuma. Nilimuuliza atabeba magunia mangapi. Kumi. Ya kilo 100 au lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo? Akacheka, akaangalia pembeni. Lumbesa imekatazwa, lakini mimi sijengei tangazo, najengea barabara ya shambani wakati wa mavuno. Nimepiga hesabu ya tani 1 na nusu, na mashimo ya njiani juu yake.

Chuma tutakachonunua: chaneli ya inchi 3 ya fremu na shingo, ule mkono wa mbele unaovutwa na pawatila, anglelaini ya 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 4 ya mataruma, vile vyuma vya kukingama chini ya sakafu, chekapleti ya milimita 3 ya sakafu, na bomba za inchi 1 za kingo.

Jumanne

Leo ni kukata na kusafisha tu. Hakuna cheche ya rodi iliyoruka, na dogo kanung'unika kwamba siku imepotea.

Neno juu ya grenda, maana ndiyo inayojeruhi watu wengi kuliko mashine ya kuchomelea. Kila diski imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa. Diski ya milimita 115, ile ya inchi 4 na nusu, kwa kawaida inaruhusiwa mizunguko 13,300 kwa dakika. Ya inchi 7 inaruhusiwa 8,500 hivi. Anayeng'oa kinga ya grenda ndogo ili diski kubwa iingie anazungusha diski ya 8,500 kwa mwendo wa 11,000 au 12,000. Siku ikipasuka, vipande haviulizi nani aliyekosea. Halafu diski ya kukatia si ya kusagia. Ni nyembamba, haikuumbwa kubanwa ubavuni.

Kila mahali patakapopita mshono tumesafisha hadi chuma kikang'aa, upana wa vidole viwili kila upande. Kutu, rangi na grisi vyote vikiungua hutoa gesi, na gesi ikinaswa ndani ya chuma kinachoganda inaacha vitundu. Mshono wenye vitundu unaweza kuonekana mzima kwa juu.

Bomba za kingo zimekuja za gavana, zile zenye ngozi ya zinki. Bei ilikuwa nzuri, ndiyo, lakini zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na chuma huyeyuka karibu na 1,500. Maana yake kabla chuma hakijalainika, zinki imeshakuwa moshi mweupe puani mwako. Jioni mtu anapata homa, baridi, viungo vinauma, anakwenda kupima malaria na haionekani. Kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili, na watu hunywa maziwa wakidhani ndiyo dawa. Maziwa hayafanyi kitu. Tumesaga ngozi yote kwenye ncha, na kuchomelea kwake kutafanyika nje, upepo ukitoka mgongoni kwetu.

Jumatano

Mashine na rodi. Leo nimeongea kuliko nilivyofanya kazi.

Tuna mashine mbili. Ile ya zamani ni transfoma ya kusuka, nzito kama ng'ombe aliyelala, inatoa umeme wa AC na haijui kuchoka. Ya pili ni inveta, unaibeba begani, inatoa DC. Kwenye kibao chake imeandikwa ampea 200 kwa asilimia 60. Dogo alidhani asilimia 60 ni nguvu iliyobaki. Ni muda: katika kila dakika 10, unachomelea 6, unaipumzisha 4. Ukishusha ampea, muda wa kuchomelea unaongezeka. Inveta nyingi zinazoletwa kwetu zimeungua kwa kutojua hilo, au kwa vumbi la grenda lililovutwa na feni hadi ndani.

Binti kauliza swali zuri: mbona swichi ya ukutani haikatiki ikiwa tunachomelea kwa ampea 120? Jibu ni kwamba ampea 120 za kwenye rodi zinakwenda na volti 25 hivi tu, yaani kama kilowati 3. Kilowati hizohizo upande wa ukutani, kwenye volti 230, ukiongeza kinachopotea ndani ya mashine, ni kati ya ampea 16 na 20. Ndiyo maana waya wa ekstensheni wa taa unayeyuka na mafundi wanailaumu mashine. Waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani, tao, ule moto wa umeme kwenye ncha ya rodi, linakuwa dhaifu, rodi inanata. Na mashine za kusaga za mtaa zikianza kazi jioni, umeme unashuka zaidi. Mishono ya kubeba mzigo sisi tunaipiga asubuhi.

Sasa rodi. Dukani tunaomba geji 12, geji 10, geji 8: hizo ni milimita 2.5, 3.2 na 4 za waya wa ndani, bila ganda. Hesabu ya haraka ni ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene wa rodi, kisha unapandisha au kushusha kwa kuangalia dimbwi la chuma kilichoyeyuka. Geji 12 inakubali kati ya 60 na 90, geji 10 kati ya 90 na 130. Urefu wa tao, ile nafasi kati ya ncha ya rodi na chuma, usizidi unene wa rodi yenyewe. Ukiliinua tao, sauti inabadilika kutoka ile ya mafuta yanayokaanga vizuri, inakuwa ya kupasukapasuka, na matone yanaruka kila upande.

Namba za kwenye pakiti nazo zinasema. E6013: 60 ni nguvu ya kuvutwa, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 inayofuata ni ruhusa ya kuchomelea mkao wowote: chini, ubavuni, kupanda, hata juu ya kichwa. Ingekuwa 2, kama kwenye E7024, ni kazi ya chini na ya kona ya mlalo tu. Tarakimu ya mwisho ikisomwa pamoja na iliyo kabla yake inakuambia ganda ni la aina gani na umeme gani unafaa. 6013 ni rodi ya kila mtu: inawaka kirahisi, AC au DC, ukoko wake, yale mabaki ya ganda yanayogandia juu ya mshono, unatoka wenyewe. Lakini haichimbi sana. E7018 ina nguvu zaidi na haipasuki ovyo, kwa sharti moja: iwe kavu. Ganda lake likinyonya unyevu, hidrojeni inaingia kwenye chuma, na ufa unaweza kujitokeza kesho au keshokutwa, tela limeshaondoka.

Uyole mwezi wa Juni, ukungu unaingia hadi chini ya mlango. Pakiti ya 7018 ikifunguliwa, tuna saa 4, basi. Kuna wanaozianika juu ya jiko la mkaa na kudhani wamezikausha. 7018 iliyolowa inataka oveni ya nyuzi 370 na zaidi kwa saa nzima. Jiko linaipa joto la mikono. Kwa hiyo nimenunua pakiti ndogo iliyofungwa, ya shingo na vishikizo vya springi. Kwingine kote ni 6013.

Chanya na hasi: kwenye DC, 7018 tunaiweka hoda, koleo linaloshika rodi, upande wa chanya, na ethi, koleo linaloshika chuma, upande wa hasi. Ndivyo inavyochimba.

Alhamisi

Kabla ya kugusa fremu, kila mmoja kapewa vipande viwili vya chuma cha milimita 5 avisimamishe kama herufi T na kuchomelea upande mmoja tu.

Mshono wa dogo ulikuwa mzuri wa kupiga picha. Mnene, mawimbi yamepangana, ukoko ulitoka mzima kwa pigo moja la nyundo. Mshono wa binti ulikuwa mwembamba, umepinda kidogo katikati. Tukavibana kwenye vaisi kimoja baada ya kingine, tukapiga kwa nyundo ya kilo 2 ili bamba lililosimama lilale kuelekea upande wenye mshono.

Cha dogo kilifunguka kwa mapigo machache. Tulipogeuza tukakuta kando ya bamba la chini bado ina alama za grenda, mistari ileile ya Jumanne, haijayeyuka. Rodi ilikuwa imelala juu ya kona bila kuingia. Kwenye mzizi, ndani kabisa ya kona, kulikuwa na mstari mweusi wa ukoko toka mwanzo hadi mwisho. Cha binti kilikunjika. Bamba lililala kabisa na mshono haukuachia.

Tofauti ilikuwa wapi? Dogo aliweka ampea 85 kwa rodi ya geji 10 na akaenda polepole, chuma kikajaa mbele ya tao, na tao likawa linaunguza rodi iliyoyeyuka badala ya chuma cha chini. Binti aliweka 115, tao fupi, akaelekeza rodi katikati ya kona kwa nyuzi 45, ncha ikitazama kidogo alikotoka, na macho yake yalikuwa nyuma ya tao, kwenye dimbwi, akingoja lishike pande zote mbili ndipo asogee.

Hapo nikachora kwa chaki sakafuni. Mshono wa kona una miguu miwili na koo. Mguu ni pale ulipokanyaga kila bamba. Koo ni njia fupi kutoka mzizi hadi usoni, nalo ni kama 0.7 ya mguu. Koo ndilo linalobeba. Mguu wa milimita 4 una koo la 2.8. Ukiufanya mguu uwe milimita 8, koo linakuwa 5.6, nguvu mara 2, lakini rodi umetumia mara 4, na joto ulilomwaga kwenye chuma ni la kukipinda. Na hiyo nguvu mara 2 unaipata endapo tu mzizi umeshika. Usiposhika, unajenga kichuguu juu ya ufa.

Kuna jambo lingine ambalo dogo amejifunza kwa njia ngumu. Alikuwa akishikiza vipande kwa miwani ya jua. Usiku macho yamemwasha kama yamejaa mchanga, machozi hayakatiki. Mwanga wa tao unaunguza ngozi ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshalala. Mama yake alimwekea vipande vya kiazi; ubaridi unatuliza, lakini kinachoponya ni jicho lenyewe kupumzika. Kioo cha barakoa ni namba 10 au 11. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi namna gani, si kioo cha kuchomelea. Leo kakaa kivulini anapanga boliti.

Ijumaa

Fremu. Tumeipanga chini, tukaishikiza kwa nukta ndogo kila kona, nukta mbili mbili zinazotazamana, kisha tepu. Kitanda cha 200 kwa 120 kona zake zikiwa nyuzi 90, pembe kwa pembe ni sentimita 233.2. Upande mmoja tulipata 233.5, wa pili 232.9. Pigo moja la nyundo kwenye kona ndefu, tukapima tena, zikalingana. Ingekuwa tumeshapiga mshono mzima, hapo ingekuwa kazi ya kukata.

Chuma kikipoa kinavuta. Mshono wa upande mmoja unavuta bamba kuelekea upande huo, na hakuna klampu itakayokiambia kisivute. Klampu inachelewesha tu. Kwa hiyo hatuzunguki fremu kwa mpangilio wa saa. Unapiga kona ya mbele kushoto, unahamia ya nyuma kulia, unarudi ya mbele kulia, na mapande marefu unakatakata vipande vifupi. Mataruma ya anglelaini hayahitaji mshono mzima hata kidogo: sentimita 4 unachomelea, 8 unaacha. Chekapleti vivyo hivyo, la sivyo sakafu inakuwa na mawimbi kama bati la paa.

Mishono ya kusimama tumepandisha, kutoka chini kwenda juu, ampea zikipunguzwa kidogo. Kushusha ni haraka na kunapendeza, kwenye bomba la geti la milimita 1.5 mimi mwenyewe nashusha. Kwenye chaneli, hapana. Ukoko unatangulia mbele ya tao na mzizi unabaki mkavu.

Jumamosi

Nusu siku. Tumepeleka ekseli kwa jirani mwenye gesi akate masikio ya zamani. Anatumia mtungi wa asetilini, si pipa la kabaidi na maji kama lile lililokuwa hapa zamani, na nimefurahi. Asetilini haipendi kubanwa. Ikiwa huru na ikapita paundi 15 kwa inchi ya mraba inaweza kulipuka bila hata oksijeni. Mpira wake ni mwekundu na nati zake zinafungwa kinyume, makusudi, usije ukachanganya.

Vijana walidhani gesi inakiyeyusha chuma mpaka kinakatika. Moto unakipasha tu hadi kiwe chekundu kilichokolea, nyuzi 900 hivi. Ukibonyeza kishikio, oksijeni tupu inakiunguza. Chuma kinaungua kama kuni. Ndiyo maana aluminiamu na chuma kisichoshika kutu havikatiki hivyo.

Katikati ya kazi mama mmoja kaleta kishikio cha mashine ya kusaga kilichopasuka, chuma cha kumimina. Hicho rodi ya kawaida inakifanya kipasuke pembeni ya mshono kabla hakijapoa, kaboni yake inazidi asilimia 2. Jirani kakiziba kwa shaba, polepole, kisha kakifukia kwenye majivu makavu kipoe hadi Jumatatu. Mama hakufurahia kusubiri.

Jumatatu

Springi na ekseli. Hapa ndipo nimebishana na kila mtu.

Springi haichomelewi. Ni chuma cha kaboni nyingi kilichopikwa kwa ajili ya kupinda na kurudi. Ukikigusa kwa tao, pale pembeni kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na kitavunjika hapohapo kwenye shimo la kwanza. Tumeikalisha springi juu ya ekseli kwa yu-bolti, na vishikizo vyake ndivyo vimechomelewa kwenye fremu, kwa 7018.

Ekseli yenyewe imepata vikalio viwili vya springi. Koleo la ethi lilifungwa juu ya ekseli, sentimita chache kutoka kwenye mshono. Ukiliweka kwenye rimu kwa sababu ndiyo iko karibu na mkono, umeme wote unapita kwenye beringi, unaacha vidonda vidogo kwenye gololi, na baada ya wiki chache gurudumu linaanza kulia.

Jumanne

Shingo. Mzee kaja kuangalia, kaleta na picha ya tela la jirani kwenye simu. Shingo lake lilikuwa kipande cha bomba kilichoishia kwenye uso wa fremu, kimezungushiwa mshono mnene kama mkono wa mtoto. Ukivuta picha unaona limekatikia wapi: si kwenye rodi. Limekatika kando yake, kwenye ule mfereji ambao tao limekula chuma bila kuujaza. Mfereji huo ni mkato tayari. Kila shimo la barabarani linaufungua kidogo, na hapo ndipo mzigo wote unapopindia. Rodi nyingi zaidi zingechimba mfereji uleule.

La kwetu haliishii kwenye uso wa fremu. Chaneli ya shingo inapita chini ya taruma la mbele hadi la pili, na imeshikwa kote kuwili. Kwa hiyo shingo likitaka kupinda, taruma moja linavutwa chini na jingine linasukumwa juu, mzigo umegawanyika. Mishono inakwenda kwa urefu wa chaneli, haikati uso wake wa chini wala wa juu. Tumeongeza vipande vya pembe tatu ubavuni, na ncha za mishono tumezisaga laini kwa diski. Kila mfereji tuliouona tuliujaza kwa rodi ya geji 12 kisha tukausaga.

Mzee kaiona pakiti ya rodi, zaidi ya nusu imebaki. "Fundi, hizi mbona hujazimaliza?" Binti ndiye aliyemjibu, kwa adabu, akamletea vile vipande viwili vya T vya wiki iliyopita. Mzee alikigeuza kile kilichofunguka mara kadhaa, akapitisha ukucha kwenye mistari ya grenda. Akauliza bei ya kuongeza ndoano za kamba pembeni.

Alhamisi

Rangi jana, kwanza ya kuzuia kutu, baada ya kila mshono kupigwa brashi ya waya. Ukoko ukibaki, rangi inabanduka nao na kutu inaanzia hapo.

Leo tumepakia mifuko ya mchanga hadi tani 1 na nusu, tukazunguka nalo uwanjani na kulipitisha juu ya magogo. Kisha ukaguzi: mwanzo na mwisho wa kila mshono, kishimo cha pale tao lilipozimwa, vishikizo vya springi, shingo. Kwenye rangi mbichi ufa unaonekana kama unywele. Hatukuona.

Mzee amechukua tela saa 8 mchana. Nimemwambia mambo matatu. Yu-bolti zikazwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, maana springi zikikaa nati zinalegea. Akiona mstari wa kutu unaotoka kando ya mshono, asiupake rangi, alete. Na akitokea fundi wa kule juu wa kumwongezea rodi shingoni, akatae.